Haki si Sadaka: Misaada ya Serikali na Afya za Jamaa Zetu Uingereza

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo



Naishukuru kamati kwa kunipa heshima ya kusimama tena mbele yenu. Mada niliyokabidhiwa ni misaada ambayo serikali ya nchi hii huitoa kwa familia zenye kipato kidogo, hasa ile inayohusu afya. Kabla sijaingia katika mada hiyo, sina budi kwanza kuyafuta maneno yangu mwenyewe.

Waliohifadhi vijitabu vya mikutano yetu iliyopita wataikuta hotuba yangu ya mwaka 2023. Katika hotuba ile nilijigamba kwamba ukoo wetu haujapata kunyoosha mkono kwa mtu, na kwamba tangu babu zetu walipokuwa Unguja, tukipata tunakula na tukikosa tunalala na njaa yetu mlango umefungwa. Mlinipigia makofi mengi. Mdogo wangu alikuwa ameketi safu ya tatu, naye alipiga makofi pamoja nanyi.

Mwaka uliofuata mdogo wangu huyo alipunguziwa saa za kazi katika ghala alilokuwa akifanya kazi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 54, akitumia dawa za aina tatu: mbili za shinikizo la damu na moja ya mafuta katika damu. Hapa England, tangu Mei 2024, kila dawa iliyoandikwa katika cheti cha daktari ikalipiwa paundi 9.90; kwa hiyo dawa tatu zikawa paundi 29.70. Mwezi wa Novemba alikwenda duka la dawa, akahesabu alichokuwa nacho, akamuuliza mfamasia ni ipi kati ya zile tatu anayoweza kuiacha. Mfamasia alimjibu kwamba hakuna ya kuachwa. Yeye akachagua mwenyewe. Alichukua mbili, na mojawapo akaanza kuimeza siku moja na kuiacha siku ya pili ili imfikishe mwisho wa miezi miwili.

Mwezi wa Januari alipatwa na kiharusi.

Madaktari hawakusema kwamba sababu ilikuwa ni vidonge vile, wala mimi sisemi. Ninalolisema ni lile nililoambiwa na mfanyakazi mmoja wa hospitali aliyeketi nasi kujaza makaratasi. Alituuliza kwa nini mgonjwa wetu hakuwahi kujaza fomu iitwayo HC1, kwani kwa kipato chake cha wakati ule alistahiki kupata dawa zote bila ya malipo. Nilimtazama mdogo wangu kitandani. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini alisema nami nikamfahamu. Alisema, "Kaka, si ulisema sisi hatuombi?"

Ndugu zangu, yamenikaa moyoni maneno hayo. Ndiyo maana nimeiomba kamati nafasi hii, na mdogo wangu, ambaye leo yumo humu ukumbini pamoja nasi, ameniruhusu niyasimulie.

Sasa na tuulizane: fedha hizi ni za nani? Sisi tuliosoma skuli za nyumbani tulifundishwa kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Uingereza nayo ilipata kuwahesabu maadui wake. Mnamo Desemba 1942, vita vikiwa bado vinaendelea, William Beveridge alitoa ripoti iliyotaja majitu matano ya kupigwa vita: ufukara, maradhi, ujinga, makazi machafu na ukosefu wa kazi. Kutokana na fikra hizo zilipatikana posho za watoto mwaka 1946, na tarehe 5 Julai 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, ikaanza Huduma ya Taifa ya Afya, yaani NHS. Shabaha yake ilikuwa mgonjwa atibiwe kwa kuwa ni mgonjwa, na gharama ilipwe na wote kwa njia ya kodi.

Kodi hizo tumezilipa sisi pia. Wazee wetu waliofika hapa katika miaka ya sitini na sabini waliendesha mabasi, walisimama viwandani, na walisafisha wodi za hospitali usiku wa manane. Kila wiki mshahara ulipotoka, serikali ilikuwa imekwisha kukata chake. Hata mama aliyebaki nyumbani kulea analipa kodi kila anunuapo kitu chenye kodi dukani. Basi anapodai alichowekewa na sheria, haombi sadaka kwa mtu. Anaingia katika shirika ambalo na yeye ni mwanachama. Na yule ambaye hakujaaliwa kufanya kazi kwa maradhi au ulemavu, naye sheria haikumsahau, kwa kuwa shirika la namna hii liliundwa kwa ajili ya siku ambayo mmoja wetu hawezi.

Nimejiuliza pia aibu yetu inatoka wapi, maana haimo katika kila jambo. Hakuna hata mmoja wetu anayeona haya kwenda kwa daktari wa mtaa au kulazwa hospitali, ingawa hatulipi mlangoni. Huko kwetu Zanzibar, serikali ilianzisha pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016. Kila mzee aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Mwalimu mstaafu na mvuvi wote wanaipokea, wala hatujasikia mzee aliyeona fedheha kwa hilo, kwa sababu haulizwi ana nini nyumbani kwake. Aibu huingia pale mtu anapoulizwa: una akiba kiasi gani, unalala na nani chumbani, nani anakupa chakula. Maswali hayo yanachoma, sikatai. Lakini ni maswali ya karani, si hukumu ya watu. Tusiwaachie makarani watuamulie heshima yetu.

Baada ya kusema hayo, naomba nieleze kwa ufupi mambo ambayo kila nyumba yetu ingefaa iyajue. Nitayagawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la dawa. Ndugu zetu wa Cardiff na Glasgow wanaweza kupumzika kidogo hapa, kwani malipo ya dawa yaliondolewa Wales mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010 na Scotland mwaka 2011. Sisi wa England ndio tunaolipa, ila si sote. Hawalipi waliotimiza miaka 60, watoto walio chini ya miaka 16, wajawazito na waliojifungua katika miezi 12 iliyopita wenye cheti chao, pamoja na wenye maradhi fulani, kama vile kisukari kinachotibiwa kwa dawa, ambao nao lazima wawe na cheti. Jihadharini: shinikizo la damu na pumu, maradhi yaliyojaa katika ukoo wetu, hayamo katika orodha hiyo. Kwa mwenye kipato kidogo na akiba isiyozidi paundi 16,000 ipo fomu ya HC1. Akikubaliwa kikamilifu hupewa cheti cha HC2, ambacho humwondolea malipo ya dawa, ya meno na ya kupimwa macho, humpa msaada wa kununua miwani, na humrudishia nauli ya kwenda hospitali alikopelekwa na daktari. Asiyestahiki HC2 lakini anatumia dawa nyingi, anunue cheti cha malipo ya kabla. Mwaka 2024 cheti hicho cha mwaka mzima kiliuzwa paundi 114.50, nazo zaweza kulipwa kidogo kidogo kwa miezi kumi. Laiti mdogo wangu angekijua, dawa zake zote tatu zingemgharimu kiasi cha paundi kumi na moja na nusu kwa mwezi, badala ya karibu paundi thelathini kila achukuapo.

Na mambo mawili madogo yenye uzito. Ukilipia dawa huku unasubiri jibu la HC1, omba risiti iitwayo FP57 saa ile ile unapolipa, kwani baadaye haitolewi, na bila ya hiyo hurudishiwi fedha zako. Pili, nyuma ya cheti cha daktari pana visanduku vya kutia alama. Usitie alama katika sanduku usilolijua kwa kuwa tu jirani yako alitia. Ukikosea, waweza kutozwa faini ya hadi paundi 100 juu ya bei ya dawa.

Fungu la pili ni la wazee. Kuna posho iitwayo Pension Credit, iliyoanza mwaka 2003, ambayo huongeza pato la mzee aliyefikia umri wa pensheni ikiwa pato hilo ni dogo. Kwa miaka mingi makadirio ya serikali yenyewe yameonyesha kwamba kiasi cha theluthi moja ya wanaostahiki hawaiombi. Sina shaka kwamba baadhi yao wameketi katika ukumbi huu. Posho hii ni kama ufunguo wa nyumba yenye vyumba vingi: anayeipata aweza kupunguziwa kodi ya halmashauri, kusaidiwa kodi ya nyumba, kutibiwa meno bila ya malipo, na akitimiza miaka 75 kutolipia leseni ya televisheni. Mzee anayepungukiwa na paundi mbili tatu tu kwa wiki asiseme kwamba haina maana kuhangaikia paundi mbili. Huenda vyumba hivyo vingine vikawa na thamani kubwa kuliko posho yenyewe. Na asichelewe, kwani malipo ya nyuma hayazidi miezi mitatu. Mzee aliyestahiki kwa miaka minane akaomba leo, miaka saba na zaidi imekwenda na maji.

Fungu la tatu ni la watoto. Mama mjamzito na mwenye mtoto aliye chini ya miaka minne, ikiwa anapokea posho zinazotambuliwa na pato lake ni dogo, anaweza kupata kadi ya Healthy Start ya kununulia maziwa, matunda na mboga. Mwezi wa Aprili 2021 thamani yake kwa wiki ilipandishwa kutoka paundi 3.10 hadi 4.25, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja huwekewa maradufu. Ama chakula cha mchana cha skuli, mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, huku England, watoto wote wa familia zinazopokea Universal Credit watakipata bila ya malipo. Wazazi wanaokaa Scotland na Wales waulize huko huko, maana taratibu zao ni nyingine.

Fungu la nne linawahusu jamaa zetu waliofika karibuni, ambao viza zao zimeandikwa kwamba hawana ruhusa ya kutumia fedha za umma. Hawa wasikurupuke kujaza fomu ya posho yoyote kabla ya kupata ushauri, kwani kosa moja laweza kuharibu ombi la kukaa nchini. Lakini pia wasikae na hofu isiyo na msingi. Matibabu ya NHS hayamo katika orodha hiyo ya fedha za umma, wala HC1 haimo. Na tangu mwaka 2022 watoto wengi wa familia hizo zenye kipato kidogo wamefunguliwa mlango wa kula skuli bila ya malipo. Ushauri wa mambo ya uhamiaji utafuteni kwa mshauri aliyesajiliwa. Sheria ya mwaka 1999 inamkataza asiyesajiliwa kuifanya kazi hiyo.

Kanuni hizi nazo hubadilika. Mwaka 2024 malipo ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi, huku England, yaliondolewa kwa wazee wengi wasio na Pension Credit, na mwaka 2025 yakarudishwa kwa wale ambao pato lao halizidi paundi 35,000 kwa mwaka. Basi aliyekataliwa mwaka juzi aulize tena mwaka huu, na asiyafanye maneno yangu ya leo kuwa ni msahafu.

Bwana Mwenyekiti, limebaki jambo moja ambalo katika fomu zote hizi nimeliona kuwa ndilo gumu zaidi kwetu, nalo ni lugha yetu ya adabu. Mswahili akiulizwa hali, hujibu "Sijambo," hata akiwa na homa. Akiulizwa mgonjwa mahututi, jamaa husema, "Anaendelea vizuri, alhamdulillahi." Adabu hii ni nzuri, nami siwaombi muitupe. Lakini iko posho ya wazee wanaohitaji kusaidiwa mwilini, iitwayo Attendance Allowance, ambayo haitazami kipato wala akiba. Fomu yake huuliza: waweza kujivalisha? Waweza kupanda ngazi? Waweza kuoga peke yako? Nilikaa na Bi Mkubwa mmoja wa ukoo huu kuijaza. Kila nilipomsomea swali alijibu, "Andika naweza, mwanangu, namshukuru Mungu." Nikamuuliza, "Bibi, leo nani amekufunga vifungo vya gauni?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu." "Na mara ya mwisho kupanda juu kulala chumbani kwako ni lini?" Akasema, "Kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi." Alikuwa akilala sebuleni juu ya kochi kwa mwaka na zaidi, na sisi wageni wake wa kila Ijumaa tulidhani yale mablanketi ni ya wajukuu.

Kumshukuru Mungu ni ibada, na kueleza maradhi yako kwa anayetakiwa kuyajua ni amana. Karani hawezi kuona kilicho nyuma ya neno "naweza." Tumwambie siku mbaya zikoje, tusimsimulie siku ya Idi. Wala tusitie chumvi, kwani uongo katika fomu ni haramu kwetu na ni kosa la jinai kwao. Ukweli wetu mtupu unatosha.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu.

La kwanza, katika kila mkutano wetu kuanzia huu wa leo, iwepo meza moja karibu na mahali pa chai, ambapo vijana wetu waliosoma watawasaidia wazee kusoma barua na kujaza fomu. Wengi wa wazee wetu wana mifuko ya barua zisizofunguliwa, kwa kuogopa bahasha ya rangi ya udongo.

La pili, watakaokaa katika meza hiyo waahidi mbele ya kamati kutunza siri. Mtu asisikie habari za akiba yake harusini. Pasipo ahadi hii hakuna atakayeikaribia meza, na atakuwa na haki.

La tatu, kila mzee apangiwe kijana mmoja wa kumpigia simu mara moja kwa mwezi, si kumuuliza hali tu, maana jawabu lake tunalijua, bali kumuuliza mambo matatu: dawa umepata zote? Nyumba ina joto? Kuna barua imekuja? Na wasio wazee lakini wana maradhi ya kudumu waingizwe pia katika orodha, maana mdogo wangu hakuwa mzee.

Meza ya leo iko kule pembeni, upande wa kulia wa mlango. Fomu za HC1 zipo, kalamu zipo, na chai ipo. Anayeisimamia ni mdogo wangu. Mkono wake wa kushoto bado haujarudi sawasawa, lakini anaandika kwa wa kulia, na fomu hiyo anaijua swali kwa swali. Atakayeona haya kukaa mbele ya vijana, na akae mbele yake.

Nami nawaomba radhi kwa maneno yangu ya mwaka 2023. Makofi mliyonipigia siku ile nawarudishieni.